Maswali ya Wasomaji: Kamba Waliokufa Baada ya Mvua na Vidudu Vyekundu vya Shamba la Chumvi

Mwezi huu meseji zenu zimekuja nyingi alafu karibu zote zinanukia bahari. Nimechagua tano tu manake nafasi ni ndogo, na hizi tano ukizisoma vizuri zinagusana, zote zinauliza wale viumbe wadogo wenye magamba, yaani kamba, duvi, kaa na ndugu zao wengine ambao mtaani hata jina hawana, wanaishije kwenye maji ambayo leo ni chumvi kali, kesho mvua imeyageuza matamu, na mchana jua limeyachemsha. Naanza na la ndugu yetu wa Mkuranga, limeniuma.

SWALI: Shikamoo mjibu maswali. Nina bwawa la kamba huku Mkuranga, wale wakubwa wenye milia. Masika ilipoanza ilinyesha usiku kucha, asubuhi nakuta kamba wanaogelea juu juu kama walevi, jioni wakaanza kufa, kesho yake nimeokota ndoo tatu na wengine magamba yao laini kama karatasi. Jirani anasema maji matamu ndo yamewaua, mwingine anasema ugonjwa, mwingine anasema kijicho cha watu. Mbona kamba hao hao kule delta ya Rufiji wanaishi mtoni kabisa na mvua inanyesha hawafi? Nisaidie nisipoteze tena. – Mfugaji, Mkuranga

JIBU: Marahaba, na pole sana, ndoo tatu za kamba ni ada ya mtoto imekwenda na maji. Nianze na hilo la Rufiji manake umeuliza kitu cha maana kuliko unavyodhani.

Maji ya bahari yetu yana kama gramu 35 za chumvi kwenye kila kilo ya maji. Kamba wako ana kiwango chake cha katikati, kama gramu 25 hivi, ambapo damu yake na maji ya nje vinakuwa sawa kwa ukali, hapo hahangaiki. Akiwa bahari kuu damu yake inabaki na chumvi kidogo kuliko maji, akiingia mtoni kwenye gramu 10 au 5 damu inabaki na chumvi nyingi kuliko maji. Sasa hapo kwenye maji matamu ndo kazi ilipo, manake maji yanajipenyeza ndani yake bila hodi na chumvi yake inatoroka nje, ni kama mashua inayovuja na baharia yuko chini anafua maji usiku kucha. Baharia wa kamba yuko sehemu mbili, kuna tezi karibu na mashina ya zile antena zake ndo zinatoa mkojo, na kuna seli za matamvua zenye vimeng'enya vinavyofanya kazi kama pampu, vinakamata chumvi kidogo iliyopo kwenye maji na kuiingiza ndani kwa nguvu. Na nikisema kwa nguvu namaanisha hivo hivo, kila msukumo unalipiwa kwa chakula alichokula, na anayefua maji usiku kucha hapati muda wa kushona tanga.

Kamba wa Rufiji analipa gharama hiyo hiyo, sema yeye halipishwi yote kwa mkupuo. Mama zao wanataga baharini, watoto wanaingia mikokoni wakiwa wadogo kama sindano, maji yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku kwahiyo mwili wake umezoea kupanda na kushuka toka utotoni, alafu kubwa kuliko yote, mvua ikizidi hana ukuta, anashuka na maji ya chumvi kuelekea mlango wa mto. Wa kwako ana kuta nne.

Ngoja nikwambie kilichotokea usiku ule ninavyokiona mimi. Maji ya mvua ni mepesi, yakianguka bwawani hayachanganyiki yenyewe, yanalala juu kama mafuta kwenye mchuzi, na yale ya chumvi mazito yanabaki chini yamefungiwa. Huku chini kuna tope na mabaki ya chakula vinaoza na kumaliza oksijeni, hewa mpya haishuki. Kamba akikosa pumzi chini anapanda, akipanda anakutana na maji matamu ghafla, akishuka anakosa pumzi, kwahiyo ule ulevi uliouona asubuhi ni mnyama aliyekosa pa kukaa.

Na kuna jambo la pili ambalo wafugaji wengi hawalijui. Ndani ya seli zake kamba anaweka akiba ya asidi amino, yale matofali ya kujengea protini, kama glaisini, prolini na alanini, zinamsaidia kusawazisha ukali wa ndani na wa nje ili seli isivimbe wala isinywee. Maji ya nje yakishuka chumvi ghafla inabidi azipunguze haraka, anazivunja, na ile naitrojeni yake inatoka kama amonia. Kwahiyo kamba wote wa bwawa wanamwaga amonia kwa wakati mmoja, kwenye maji ambayo tayari hayapumui. Kisha mvua inakata, jua la saa sita linatoka, na joto linadai chake. Joto likipanda digrii 10 mwili wa hawa viumbe unatumia oksijeni karibu mara mbili, wakati maji yenyewe yanazidi kuishiwa, maji ya bahari ya digrii 20 yanaweza kubeba kama miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita, ya digrii 30 kama 6.2 basi. Na amonia kwenye maji ya moto inakuwa sumu zaidi. Chumvi, joto, pumzi na sumu, vyote vinachota kwenye mfuko mmoja.

Magamba laini nayo yanaingia humo humo. Chumvi ikishuka ghafla kamba wengi wanajivua gamba kwa pamoja, na gamba jipya ili ligande linataka kalsiamu ambayo maji ya mvua hayana ya kutosha, kwahiyo wanabaki laini siku nyingi na wenzao wanawala.

Kuhusu ugonjwa, jirani yako wa pili anaweza asiwe amekosea, manake kamba aliyechoka kinga yake inashuka na virusi kama vile vya madoa meupe vinapenda kulipuka baada ya mabadiliko ya maji kama haya. Ukiwaona tena chukua wachache walio hoi, usichukue waliokwisha kuoza, peleka kwa afisa uvuvi wapimwe. La kijicho tuliache.

Cha kufanya. Wingu likianza kufunga weka mlango wa bwawa utoe maji ya juu, ya juu nasema, sio ya chini, watu wengi milango yao inafungukia chini wanatoa chumvi wanabaki na mvua. Koroga maji usiku, kama una mashine ya hewa ndo wakati wake, kama huna hata pampu ya kumwagilia inayorusha maji juu inasaidia. Usilishe siku hiyo, au lisha kidogo sana. Mwaga chokaa ya kilimo kwenye kingo za bwawa kabla ya masika hasa kama ulichimba kwenye udongo wa mikoko, ule udongo ukikauka na kulowana unatoa asidi. Na tafadhali sana, ukishapata maji ya bahari usiyafungulie yote kwa hasira ukidhani unawaokoa, unawapiga mara ya pili. Shusha au pandisha gramu 2 au 3 kwa saa, isizidi. Mbegu pia ukinunua uliza wanakotoka wamelelewa kwenye chumvi ya ngapi, mfuko wa mbegu uelee kwanza bwawani joto lilingane, ndo uanze kuchanganya maji kidogo kidogo. Kile kipimo cha chumvi cha kuchungulia kwa jicho, refraktomita, nunueni hata wafugaji wanne pamoja, kinarudisha hela yake kwa mvua moja.

SWALI: Niaje mwandishi. Mimi nafanya kazi kwa shamba la chumvi huku Gongoni, juu ya Malindi. Kuna madimbwi ya katikati maji yamekolea mpaka ukitia mkono kidonda kinalia, samaki hakuna, lakini kuna vidudu vyekundu vinaogelea chali mamilioni. Dimbwi likikauka tunaona kwa ukingo unga wa kahawia umelala kama vumbi la tumbaku, alafu maji yakirudishwa hao vidudu wanarudi. Wazee wanasema wanazaliwa na chumvi yenyewe. Ni kweli? Na wanaharibu chumvi ama? – Mfanyakazi wa chumvi, Gongoni

JIBU: Poa sana, na swali lako nimelipenda kuliko yote. Hao wanaitwa artemia. Ni ndugu wa mbali wa kamba, urefu wake mtu mzima ni kama sentimita moja, ana miguu jozi 11 na kweli anaogelea tumbo juu. Wazee wana haki ya kusema wanazaliwa na chumvi manake hawajaonekana wakija, ila asili ya hao mnaowaona huko ni San Francisco, Marekani, walipandwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya miaka ya 1980 ili mayai yao yawe chakula cha watoto wa kamba na samaki. Wenyewe duniani ni wa zamani mno, huko Lymington Uingereza walishaonekana kwenye madimbwi ya wapika chumvi tangu 1755.

Sasa anaishije humo. Maji ya bahari ni gramu 35, dimbwi la artemia linaweza kufika 100, 150, hata 200 na zaidi, na yeye ngozi yake ni nyororo. Cha ajabu damu yake ndani ina chumvi kidogo kuliko hata maji ya bahari ya kawaida, hata akiwa kwenye maji yanayokaribia kugeuka mawe ya chumvi. Anafanyaje? Anakunywa. Anakunywa yale maji makali yalivyo, utumbo unafyonza maji pamoja na chumvi yake, alafu chumvi anaitupa nje kwa nguvu kupitia vibamba vilivyoko miguuni ambavyo ndo matamvua yake. Mtoto mchanga bado hana hivyo vibamba kwahiyo ana kiungo maalum shingoni kinafanya kazi hiyo mpaka miguu iote, akikua kinapotea. Kwahiyo kamba wa Mkuranga kwenye mvua anafua maji nje, artemia wa Gongoni anafua chumvi nje, na wote wanalipa kwa chakula.

Utauliza kwanini ajitese. Kwasababu hana kingine. Hana gamba gumu, hana mwiba, hana mbio, samaki mmoja mdogo akiingia anafagia dimbwi zima kwa siku chache. Amehamia mahali ambapo adui zake wanakufa mlangoni, na hiyo kodi anailipa kila dakika ya maisha yake.

Wekundu nao una sababu. Maji ya chumvi kali na ya moto yanabeba oksijeni kidogo mno, kwahiyo artemia anatengeneza himoglobini nyingi, ile ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu, ili akamate hiyo pumzi ndogo iliyopo. Ukimwona mwekundu sana ujue anapumua kwa shida. Ila ule wekundu wa madimbwi ya mwisho kabisa, kule chumvi inapoanza kuganda, mwingi sio wake, ni wa vijidudu vinavyopenda chumvi pamoja na mwani mdogo sana, na rangi yenyewe inasaidia kufyonza jua maji yakauke haraka.

Sasa ule unga wa kahawia. Hayo ni mayai, au kwa usahihi ni vijusi vilivyosimamishwa. Mama artemia mambo yakiwa mazuri anazaa watoto hai wanaoogelea palepale. Chumvi ikizidi kupanda na oksijeni kushuka anabadilisha, anatengeneza kijusi kinachokua mpaka seli kama 4,000 tu kisha kinasimama, kinavalishwa ganda gumu la kahawia na kuachwa kielee mpaka upepo wa kusi ukisukume ukingoni. Ndani yake kuna sukari inaitwa trihalosi, kama asilimia 15 ya uzito wake mkavu, inashika nafasi ya maji ili utando na protini visivunjike kikikauka. Na kuna protini moja inaitwa p26 iliyojaa humo kazi yake ni kuzuia protini nyingine zisiharibike zikipata joto au shida. Kikavu hivo kinavumilia baridi kali kuliko ya barafu yoyote ya duniani na joto la digrii 60 bila shida. Mtafiti wa Marekani James Clegg aliviweka vikiwa vimelowa, kwenye maji yasiyo na oksijeni kabisa, akaviacha miaka minne, alivyovipa hewa vingi vikaanguliwa, akachapisha hiyo kazi 1997. Na mwaka 1972 vilibebwa kwenye safari mbili za kwenda mwezini, Apollo 16 na Apollo 17, kuangalia miale ya angani inawafanyaje.

Kwahiyo unapokanyaga ule unga ukingoni unakanyaga watoto wa mwaka jana wanaosubiri maji. Ndugu yangu hilo mimi kila nikilifikiria nasimama kidogo.

Kuharibu chumvi, hapana, wanasaidia. Wanakula mwani unaoyafanya maji yawe ya utelezi, na maji yenye utelezi yanatoa chumvi chafu yenye punje mbaya. Mwambie msimamizi wenu asiwachukie.

SWALI: Mambo vipi. Nina akwariam Sinza, nilinunua hayo mayai ya artemia ya kwenye mkebe ili nilishe vifaranga vya samaki. Mara ya kwanza yaliangua vizuri, mara ya pili nusu, mara ya tatu hakuna kitu kabisa ingawa niliongeza chumvi mara mbili ili wajisikie nyumbani. Mkebe nauweka jikoni. – Sinza, Dar

JIBU: Poa. Majibu mawili, jikoni na chumvi.

Jikoni kuna mvuke. Yai kavu ni salama, yai lililolowa kabisa linaangua, lakini lililovuta unyevu kidogo linaanza kuamka kabla ya wakati, linachoma ile trihalosi yake polepole humo humo kwenye mkebe na siku ukilitia maji halina tena nguvu ya kutoka. Funga kwenye chupa kavu isiyopitisha hewa, weka friji.

Chumvi sasa. Mtu mzima anaishi kwenye chumvi kali lakini kuanguliwa ni habari nyingine. Ili ganda lipasuke kijusi kinageuza trihalosi kuwa gliseroli, gliseroli inavuta maji ndani mpaka ganda linachanika. Nje kukiwa na chumvi nyingi maji hayavutiki kirahisi, inabidi atengeneze gliseroli nyingi zaidi, akiba inaisha, ama hatoki kabisa ama anatoka amechoka. Tumia gramu 25 mpaka 35 kwa lita, joto la 25 mpaka 28, pampu ya hewa ichemshe maji chini mpaka juu, taa iwake hasa saa za mwanzo, na kijipunje cha bikaboneti ya soda kama maji yako ni ya asidi. Saa 24 wametoka. Walishe samaki hapo hapo, ukiwaacha siku nzima nyingine wamepoteza karibu robo ya nguvu yao manake bado hawajaanza kula vizuri na ile pampu ya shingoni haipumziki.

SWALI: Assalamu alaykum. Sisi ni kikundi cha kina mama huku Mida, tunanenepesha kaa kwenye vizimba ndani ya mikoko. Kaa wetu ni wagumu, mvua ikinyesha maji yakawa matamu wako sawa tu. Lakini jike akitoa mayai chini ya tumbo hatuoni watoto hata mmoja. Tunakosea wapi? – Kina mama, Mida

JIBU: Waalaykum salaam mama zangu. Hamjakosea popote. Kaa mzima wa mikoko ni mgumu kweli, anaweza kukaa kwenye maji karibu matamu na kwenye ya bahari kamili, lakini ugumu huo hakuzaliwa nao. Mtoto wake anatoka yaini anaelea kama kijidudu chenye mwiba, anapita hatua tano za kuelea na moja ya kushuka chini kabla hajafanana na kaa, na kwenye hizo hatua za mwanzo anataka maji ya bahari haswa, gramu 30 na kuendelea. Hana matamvua yaliyokomaa ya kufua maji, chumvi ikipungua anakufa. Mama yake analijua hilo, ndo maana jike mwenye mayai anatoka mikokoni kwenda bahari ya nje kuangulia huko. Kizimba kinamzuia.

Kwahiyo jike mkimkuta na mayai mfungulieni, mkampeleke karibu na mlango wa hori maji yakianza kupwa. Ni hela mnaiachia, najua, lakini mayai yake ni mamilioni na wachache watakaopona watarudi mikokoni.

Na wakati wa kupeleka sokoni msiwatie kwenye ndoo ya maji, watamaliza pumzi. Kaa anabeba maji yake ndani ya chumba cha matamvua, akifunikwa na gunia bichi kwenye kivuli anapumua siku nyingi. Jua na upepo ndo vinamuua.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne Pemba. Juu ya miamba yetu kuna vidimbwi ambavyo maji ya bahari yanavifikia siku za bamvua tu. Mchana ukitia mguu maji ni ya moto, chumvi imegandia pembeni, na bado kuna vitu vidogo kama nukta vinarukaruka. Mvua ikija maji yanakuwa matamu na bado vipo. Wanafanyaje? Na kama bahari inazidi kupata joto si hawa watakuwa wamezoea tayari? – Mwanafunzi, Pemba

JIBU: Marahaba mwanangu. Nukta zinazorukaruka kwenye vidimbwi vya aina hiyo kwa kawaida ni kopepodi, kundi la ndugu wadogo wa kamba ambao wengi hawafiki hata milimita mbili. Aliyechunguzwa kuliko wote kwa maisha ya vidimbwi ni Tigriopus californicus wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, anaishi kuanzia Baja California huko Mexico mpaka Alaska, kwenye miamba ya juu kama hiyo yako.

Huyu hafanyi kama artemia. Artemia anashindana na maji, anashikilia damu yake pale pale. Tigriopus anakubali, damu yake inafuata maji, maji yakikolea na damu inakolea. Kinachomponyesha ni ndani ya seli, anarundika zile asidi amino nilizozitaja kwa mfugaji wa Mkuranga, prolini na alanini hasa, ili seli isinyonywe maji ikanywea. Kurundika huko kunachukua masaa, na kwa bahati kidimbwi kinakauka polepole kwahiyo anakwenda nacho sambamba. Mvua ya ghafla ndo kazi kubwa, inabidi amwage akiba yote kwa haraka. Na kuna kitu kizuri hapa, ndugu hawa wakiwa wamezoea maji ya chumvi nyingi wameonekana kuvumilia joto kuliko walio kwenye maji mepesi, chumvi na joto mchana wa jua vinapanda pamoja, na mwili unaojiandaa kwa moja unapata nafuu kwa jingine. Ukigeuza, chumvi ishuke wakati joto limepanda, anapigwa pande mbili.

Kwa joto lenyewe wana protini maalum zinazotengenezwa haraka mwili ukipata moto, kazi yake kukamata protini nyingine zinazoanza kufumuka na kuzikunja upya. Ukipasha yai la kuku linaganda na haligeuki tena kuwa bichi, hizo protini zinazuia kitu kama hicho kisitokee ndani ya seli, na kuzitengeneza kunakula nguvu, kwahiyo mnyama aliyepigwa joto kila siku anakua polepole na anataga kidogo. Rangi nyekundu ya Tigriopus inatokana na rangi inaitwa astazanthini anayoitengeneza kutokana na rangi za mwani anaokula, ndo hiyo hiyo inayomfanya kamba awe mwekundu mama akimtia sufuriani, kamba mbichi anayo ila imefungwa na protini mpaka moto uifungue.

Sasa swali lako la mwisho, kama wamezoea tayari. Hapa nataka usome polepole. Tigriopus wa kusini ambako kuna joto wanavumilia zaidi kuliko wa kaskazini, hilo linajulikana. Mtafiti Morgan Kelly na wenzake walichukua wa sehemu mbalimbali kutoka Oregon mpaka Baja California, wakawafuga na kuwachuja vizazi 10, kila kizazi wanabakiza waliohimili joto, waone kama wa kaskazini wataweza kufika walipo wa kusini. Uvumilivu uliongezeka kama nusu digrii kisha ukagota, hawakuwafikia. Matokeo yalitoka 2012. Sababu ni kwamba kila vidimbwi vina ukoo wake, hawasafiri sana, wanaoana wao kwa wao, na ndani ya ukoo mmoja hakuna tofauti ya kutosha ya kuchagulia. Kwahiyo anayeishi kwenye maji ya moto mara nyingi ameshafika karibu na dari yake, digrii mbili tatu juu ya hapo hana pa kupanda. Mimi hilo linanitia wasiwasi kwa bahari yetu kuliko ninavyoweza kuandika kwenye ukurasa mmoja, manake maji yetu mwezi wa tatu yakiishia kaskazi ni digrii 29, 30 tayari.

Ombi langu kwako. Omba maabara ya shule kipimajoto kimoja, chagua kidimbwi kimoja cha juu na kimoja cha chini ambacho maji yanakifikia kila siku, pima alfajiri na saa nane mchana kwa wiki mbili, kuanzia bamvua mpaka bamvua, andika na siku zilizonyesha. Chumvi kama hamna refraktomita chukua chupa ya maji kwa kipimo kile kile kila siku, yaanike kwenye sahani yakauke, pima uzito wa chumvi iliyobaki. Hesabu nukta kwenye kijiko kimoja. Alafu tuandikie namba zako zote, hata zile unazoona hazieleweki, tutazichapa hapa.